Wakivutana Juu ya SHA, Wewe Fanya Haya

Siku hizi mwanasiasa anayetaka kupigiwa makofi hahitaji hotuba ndefu. Wa upinzani anaitaja SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, anaahidi kuifuta, na uwanja unalipuka. Wa serikali anapanda jukwaani kesho yake, anataja mamilioni ya waliosajiliwa, naye anashangiliwa. Katikati yao yuko msomaji wangu: mama mboga wa Kawangware ambaye mumewe husafishwa figo kila wiki, au mwalimu wa shule ya kibinafsi kule Kilifi anayeona makato kwenye hati ya mshahara asijue kama yanafika yanakotakiwa. Namwandikia huyo. Kura yake ni yake. Ninachotaka ni ajue la kufanya wakati wakubwa wanavutana, na la kuwauliza watakapomjia.

Mimi ni miongoni mwa walioona NHIF, hazina ya bima ya afya iliyoitangulia SHA, ilistahili kuondoka. Ilianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya watu wa mishahara, ikafunguliwa kwa wengine mwaka 1972, ikageuzwa shirika kamili la serikali kwa sheria ya 1998, lakini hadi mwisho iliwabana wadogo kuliko wakubwa. Kwa viwango vya 2015, aliyepokea shilingi 20,000 alikatwa 750. Aliyepokea laki moja alikatwa 1,700, na aliyepokea laki tano akakatwa hizohizo 1,700. Asiye na mwajiri alitakiwa kutoa 500 kila mwezi, awe anauza nyanya kwa mafungu au ana maduka matatu mjini. Kisha kulikuwa na wizi. Juni 2023 Susan Nakhumicha, aliyekuwa Waziri wa Afya, alisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za kudai malipo ya matibabu ambayo hayakufanyika. Kwa hiyo anayesema NHIF irudi, atuambie anarudisha ipi, maana ile tuliyoijua si ya kuililia.

Ila kuondoa kibaya ni kazi moja, na kumvusha mgonjwa salama hadi kwenye kipya ni kazi nyingine. Ya pili ndiyo iliyotushinda, na ndiyo itakayotushinda tena kama tutachagua kwa vifijo. Sheria ya bima inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi na bado ikamuua mtu wiki ile ya kuhama.

Mvutano wenyewe si wa jana. Mwaka 2004 Charity Ngilu, akiwa Waziri wa Afya, alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya ya kitaifa kwa kila Mkenya. Wabunge waliupitisha, Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini, na hoja kubwa ilikuwa fedha zitatoka wapi. Swali hilo halijazeeka. Oktoba 19, 2023, siku moja kabla ya Mashujaa Dei, Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya kwa mpigo, mojawapo ikiwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliyoizika NHIF na kuunda mamlaka mpya, SHA, yenye hazina tatu. Hazina ya kwanza ni ya afya ya msingi, ile ya zahanati na vituo vya karibu, na fedha zake zinatoka serikalini. Ya pili ndiyo SHIF, inayojazwa na michango yetu. Ya tatu ni ya dharura, magonjwa sugu na magonjwa mahututi, nayo pia ni jukumu la serikali. Shika mgawanyo huu, nitaurudia.

Wino haujakauka, kesi zikaanza. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu sheria iendelee, lakini ikaacha vifungu vichache vikiwa vimesimamishwa, kikiwemo cha 26(5) kilichotaka raia aonyeshe amesajiliwa kabla ya kuhudumiwa na serikali. Julai 12, 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema sheria hiyo na nyingine mbili zilikiuka Katiba kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, wakalipa Bunge siku 120 kurekebisha. Septemba 20 Mahakama ya Rufaa ikausitisha uamuzi huo. Oktoba 1, 2024 SHA ikafungua milango. Hesabu mwenyewe: siku 11 kutoka amri ya mahakama hadi nchi nzima kuhamia mfumo mpya.

Wiki ile ya kwanza kila mtu aliiona. Mitambo ilikwama, wahudumu kwenye kaunta hawakujua wabonyeze wapi, na wagonjwa wa figo na saratani wakaambiwa walipe taslimu au warudi kesho. Mgonjwa wa figo hana kesho nyingi za kuahirisha. Ilikuwa sawa na mtu anayebomoa nyumba ya zamani huku watoto wamelala ndani, akiahidi kwamba mabati ya nyumba mpya yako njiani.

Basi, wewe ufanye nini? Jambo la kwanza ni kukataa kungoja siasa itulie. Nawafahamu watu wazima, wenye akili zao, waliokataa kujisajili kwa sababu "hii kitu itafutwa tu." Huenda ikafutwa. Lakini rais hafuti sheria kwa kauli ya jukwaani. Lazima mswada mpya upelekwe Bungeni, umma usikilizwe, na kwa kuwa huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, Seneti pia itadai sehemu yake. Hata mahakama, ilipoitangaza sheria hii kuwa batili, ilitoa miezi minne ya kurekebisha. Kwa hiyo hata mshindi wa Agosti 2027 akiwa mkweli, hatakuwa na kadi mpya ya kukupa mwezi wa kwanza. Ugonjwa ukija kabla yake utakukuta na hicho kilichopo.

Jisajili, basi, na ujisajili vizuri. Kubonyeza *147# au kuingia kwenye tovuti ya Afya Yangu ni dakika chache. Tatizo huja kwenye mambo madogo yanayofanywa kwa haraka. La kwanza ni laini ya simu. Wazee wengi walisajiliwa na wajukuu au na vijana wa mtaani, kwa laini ya huyo kijana. Siku Nyanya anapofika hospitalini Homa Bay, ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye simu iliyo kwenye bodaboda huko Nakuru, na imezimwa. Serikali baadaye ilihamia alama za vidole ili kuzuia wizi, jambo ninaloliunga mkono, ila mkulima aliyeshika jembe miaka 50 mara nyingi vidole vyake havisomeki kwa urahisi. Kwa hiyo mpeleke mzazi wako akiwa mzima, siku ya kawaida, kwenye kituo cha afya kilicho karibu, mhakikishe laini ni yake na vidole vinakubali. Visipokubali, uliza pale pale njia nyingine ya kumthibitisha. Mambo haya hayafai kugunduliwa saa nane za usiku mtu akiwa anatapika damu.

La pili ni wategemezi. Mke au mume na watoto hawaingii kwenye bima yako kwa sababu tu mnaishi pamoja. Lazima waongezwe mmoja mmoja, na mtoto hudaiwa cheti cha kuzaliwa. Kama cheti kimekwama kwa msajili, kifuatilie sasa.

La tatu linawahusu wasio na mwajiri, nao ndio wengi. Ukishajisajili utaulizwa kuhusu nyumba yako: kuta ni za nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, maji mnayatoa wapi, mko wangapi. Mfumo hukadiria mapato ya nyumba nzima kwa majibu hayo, kisha unatoza asilimia 2.75, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Hapa nina ugomvi na waliobuni kipimo hiki. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe na mumewe anaweza kuonekana tajiri kuliko kijana wa nyumba ya mabati anayepokea pesa kila siku, kwa sababu kipimo kinaona kuta lakini hakioni sufuria. Ushauri wangu: jibuni mkiwa pamoja nyumbani, msimwachie mgeni awajibie. Msidanganye, lakini msijikweze pia. Kuna watu wanaoona haya kusema choo ni cha shimo. Kiwango kikija kikubwa kuliko uwezo wenu, nendeni ofisi ya SHA ya kaunti au Huduma Centre, mwandikishe malalamiko na mbaki na nakala. Mhudumu wa afya ya jamii anayewatembelea anaijua hali yenu, naye anaweza kuwasaidia kuieleza.

Sasa pesa zenyewe. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, wala hakuna kikomo cha juu. Wa 20,000 aliyekuwa akitoa 750 sasa anatoa 550. Wa 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375. Wa laki moja amepanda kutoka 1,700 hadi 2,750, na yule wa laki tano sasa anatoa 13,750. Mpaka kati ya waliopunguziwa na walioongezewa uko karibu na mshahara wa 33,000. Ukijua hilo utaelewa kwa nini kelele kubwa zaidi mitandaoni zinatoka kwa wafanyakazi wa ofisini, na kwa nini mlinzi wa lango lao hasemi sana. Sisemi malalamiko yao hayana msingi. Mke na mume wakiwa wote wameajiriwa, kila mmoja hukatwa, ingawa ni familia moja yenye kitita kimoja, na mwajiri haongezi chochote juu yake kama anavyofanya kwenye NSSF, hazina ya akiba ya uzeeni. Hiyo ni hoja nzuri ya kupeleka Bungeni. Afadhali kidogo ni kwamba tangu Desemba 27, 2024 mchango huu hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, hivyo sehemu yake inakurudia kwa kupungua kwa kodi ya mshahara (PAYE). Angalia kama mhasibu wako anafanya hivyo, maana wapo wasiofanya.

Ukiwa umeajiriwa, usitosheke kuona neno SHIF kwenye hati ya mshahara. Mwajiri anatakiwa kupeleka pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Piga *147# katikati ya mwezi uone kama zimefika. Kama hazijafika, muulize mwajiri kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, kisha weka picha ya jibu lake. Na wewe uliyemwajiri dada wa kazi, jitazame pia. Akipokea 15,000, mchango wake ni shilingi 412 na senti 50. Akipokea 10,000, ni 300 kwa sababu hesabu haishuki chini ya hapo. Tunashutumu serikali kwa kutowajali maskini huku aliye jikoni kwetu hana bima.

Kwa fundi wa jua kali, muuza samaki au dereva wa matatu, mzigo ni mwingine: sheria inamtaka alipe mwaka mzima mara moja. Shilingi 300 kwa mwezi si haba lakini inapatikana. Shilingi 3,600 kwa siku moja ni karo, ni kodi ya nyumba. Hii ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya waliosajiliwa wawe wengi kuliko wanaolipa, na nadhani ni dosari kubwa kuliko zote katika sheria nzima. Mwaka 2025 serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Ukiutumia, elewa kwamba ni mkopo wa kulipia bima, na mkopo hurudishwa. Njia ninayoipendelea ni chama. Wanawake wa vyama wamejenga nyumba, wamenunua ng'ombe na kusomesha watoto kwa mchango wa kila juma. Hawashindwi na bima. Wekeni kikapu chake peke yake, kila mwanachama na kiwango chake kwa sababu viwango vyenu havilingani, na kila mwezi walipiwe wale ambao mwaka wao unaanza. Pesa hizo zisiguswe kwa matanga wala arusi. Mweka hazina awaonyeshe wote ujumbe wa malipo kutoka SHA, si wa M-Pesa peke yake.

Ukishalipa, ujue ulichonunua. Viwango vilivyotangazwa SHA inapoanza viliweka shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, 10,650 kwa kila kikao cha kusafishwa figo, na kwa saratani shilingi 400,000 kwa nyumba nzima kwa mwaka, kisha 150,000 kutoka hazina ya tatu zikiisha zile. Viwango hubadilishwa kwa tangazo la waziri, kwa hiyo uliza vya sasa. Jambo la kukumbuka ni kwamba kiwango ni kile SHA inachoilipa hospitali. Hospitali ya kibinafsi inayotoza 90,000 kwa upasuaji wa uzazi itakudai tofauti yake. Muulize mtu wa kaunta kabla ya kulazwa, kwa upole na bila haraka: "SHA inalipa ngapi, na mimi nitaongeza ngapi?" Akisema hajui, omba kuonana na anayejua. Kwa upasuaji na matibabu ya saratani huhitajika idhini ya awali; omba uonyeshwe kama imeshatoka, usiridhike na "tumetuma."

Weka faili. Naandika hili nikijua wengi watalipita haraka, ilhali ndilo lenye thamani kuliko mengine yote humu. Bahasha moja ya kaki inatosha: nakala za vitambulisho, vyeti vya watoto, risiti za michango, barua za rufaa, majibu ya maabara, kadi ya zamani ya NHIF na kumbukumbu zake. Sheria ikibadilishwa tena, mtandao wa zamani utafungwa au kuhamishwa, na yule mgonjwa ambaye historia yake iko kwenye kompyuta tu ataanza upya kama mgeni. Mwenye karatasi atabishana akiwa na cha kuonyesha.

Kuhusu bima ya kibinafsi, usiikatize kwa sababu SHA imekuja, wala usiikimbilie kwa sababu mtu amekutisha. Wenye zote mbili kwa kawaida hutumia SHA kwanza, bima ya kibinafsi ikajaza pengo. Kwa mwenye mkataba wa pamoja kazini, mwombe mwajiri aeleze kwa maandishi ni nani analipa nini.

Kuna jambo moja halitegemei SHA, NHIF wala hicho kitakachofuata. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi ikiwa amelipa. Ukifika langoni na mtu anayevuja damu, nawe ukaambiwa uweke amana kwanza, kitaje kifungu hicho kwa sauti, uliza jina na cheo cha anayekukatalia, na uandike saa. Sikudanganyi kwamba kila lango litafunguka. Lakini mara nyingi anayeulizwa jina lake huenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa huogopa kesi.

Tuje kwenye siasa yenyewe, maana watakuja. Mtu akisimama mbele yenu akiahidi kufuta, au akiahidi kwamba kila kitu kinakwenda vizuri, msimzomee. Mpeni maswali.

Swali la kwanza: siku ya kuhama, anayesafishwa figo Jumanne na Ijumaa atahudumiwa na nani Ijumaa hiyo, na nani ataahidi kuilipa hospitali? Kama jibu lake ni "tutaweka utaratibu," bado hana utaratibu. NHIF iliondoka ikidaiwa mabilioni na hospitali, na vyama vya hospitali za kibinafsi na za makanisa vilitumia miezi mingi ya 2024 na 2025 vikidai deni hilo, mara nyingine vikisimamisha huduma. Machi 2025 Rais alisema hospitali zinazodai milioni 10 kurudi chini zitalipwa zote na nyingine zikaguliwe kwanza. Ina maana kwamba mwaka mmoja na nusu baada ya sheria kutiwa saini, deni la mfumo uliokufa lilikuwa bado linaamua kama mama atapokelewa wodini. Anayetaka kuiua SHA atuambie deni lake atalizika wapi.

La pili ni lile la Kibaki: fedha. Nilisema hazina mbili kati ya tatu ni jukumu la serikali. Katika bajeti ya 2025/26, iliyosomwa na Waziri wa Fedha John Mbadi Juni 2025, hazina ya afya ya msingi ilitengewa bilioni 13.1 na ile ya dharura na magonjwa sugu bilioni 8. Zinasikika nyingi. Gawa hizo bilioni 13.1 kwa Wakenya milioni 47.6 wa sensa ya 2019, upate hazifiki shilingi 280 kwa mtu kwa mwaka mzima. Kwa pesa hizo ndipo zahanati inatakiwa ikutibu bure. Ukikuta kabati la dawa halina kitu, usimlaumu muuguzi. Mwulize mbunge wako alipiga kura vipi kwenye bajeti, na pia kama kilichotengwa kilitolewa, maana kutengewa si kupewa.

La tatu: mtambo ni wa nani? Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, ilieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa afya wa shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi na serikali iliyouagiza, na kwamba taratibu za ununuzi hazikufuatwa. Mkandarasi ni muungano wa kampuni unaojumuisha Safaricom. Swali kwa wote wawili, wa serikali na wa upinzani, ni lilelile: mkataba huo ukivunjwa, rekodi zangu za matibabu zinabaki kwa nani, na nani anaweza kuzima swichi? Ukitaka kujua nani ameisoma ripoti na nani anaitaja tu, uliza hapo.

La nne nalipenda kwa sababu linawachanganya. Mwombe akutajie kifungu kimoja cha sheria hii angekibakiza. Anayesema "hakuna hata kimoja" anataka uwanja umshangilie. Kuondoa kikomo cha michango ya matajiri, kwa mfano, ni jambo ambalo hata mpinzani mkali angeweza kulitetea mbele ya wapiga kura wake, endapo hamwogopi anayemfadhili. Na wa serikali aulizwe kinyume chake: kifungu kipi angekibadilisha kesho asubuhi? Asipokuwa nacho baada ya yote yaliyotokea tangu Oktoba 2024, huyo hajaingia hospitali ya umma.

Msiishie kwenye mikutano. Uamuzi wa Julai 2024 uliegemea ushiriki wa umma, yaani watu kama wewe hawakuulizwa vya kutosha. Mswada mwingine ukija, Bunge hutangaza magazetini na kwenye tovuti yake tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, na mara nyingi muda ni mfupi. Maoni hayahitaji wakili. Karatasi moja yatosha, kwa Kiswahili: jina lako, kaunti yako, namba ya kifungu unachokizungumzia, shida iliyokupata, na maneno unayotaka yawekwe. Kamati hupokea mamia ya barua za hasira zisizotaja kifungu chochote. Barua ya chama cha wauza samaki wa Likoni inayosema "kifungu cha malipo ya mwaka kibadilishwe kiwe cha kila mwezi kwa wasio na mwajiri, kwa sababu hizi tatu," ikiwa na saini 30, ni vigumu kuipuuza, na ikipuuzwa itakuwa ushahidi mahakamani.

Huna haja hata ya kungoja mswada. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake, ikiwemo kutunga au kufuta sheria. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia taasisi ya umma, SHA ikiwemo, kuuliza kwa mfano hospitali ya kaunti yako inadai kiasi gani na imelipwa kiasi gani. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman. Muhuri huo usiusahau: ukipeleka barua kwa mkono, nenda na nakala mbili, wapige muhuri zote, uondoke na moja.